Kiwango kibaki, vizingiti vitoke: jibu kwa mkufunzi anayeandaa mtihani wa vitendo

Swali: "Nafundisha katika chuo kimoja cha uuguzi na ukunga hapa Nairobi. Kwa miaka mitatu nimeona jambo moja likijirudia. Wanafunzi waliosoma shule za kutwa za mashinani, hasa kutoka kaunti za kaskazini, wanapita karatasi za maandishi sawa na wenzao, lakini kwenye OSCE, yaani mtihani wa vitendo wa kuzunguka vituo, wanaanguka zaidi. Mwaka huu tuna pia mwanafunzi mwenye usikivu hafifu anayetumia vifaa vya masikio. Baadhi ya wenzangu wanasema tukianza kupendelea watu tutashusha kiwango na wagonjwa ndio watakaoumia. Mtihani uko miezi mitatu mbele na bajeti ni ndogo. Nianzie wapi?"

Jibu: Mwalimu, wenzako wamesema kweli katika jambo moja: alama ya kupita isiguswe. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana haja ya kujua mkunga wake alisomea wapi. Ana haja na mkunga anayejua kukanda mfuko wa uzazi, kutoa oksitosini na kuita msaada mapema. Hapo hakuna la kujadili.

Walipokosea ni kudhani kwamba mtihani wenu wa sasa unapima hayo tu. OSCE yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya haki. Ronald Harden na wenzake kule Dundee waliieleza mwaka wa 1975 kwa sababu mtihani wa zamani ulitegemea bahati: mtahini mmoja, mgonjwa mmoja, na mwanafunzi akiangukia mgonjwa mgumu au mtahini mkali, basi. Wakaugawa mtihani katika vituo, kila mtu apite vilevile kwa muda uleule. Lakini kituo kinaweza kuwa kimoja kwa wote na bado kikapima vitu tofauti kwa watu tofauti. Kwa mmoja kinapima kama anajua kupima presha. Kwa mwingine kinapima kama aliisikia kengele.

Kwa hiyo chukua kila sharti lililo kwenye kituo na uliulize swali moja: muuguzi akikosa hili wodini, mgonjwa ataumia? Kama ndiyo, sharti libaki, na lifundishwe kwa kila mtu kabla ya kutahiniwa. Kama siyo, litoke. Yote ninayokueleza hapa chini yanatokana na swali hilo.

Anza na alama mlizo nazo

Kabla ya kubadilisha chochote, kusanya matokeo ya miaka mitatu kwenye jedwali moja. Kila mstari uwe mwanafunzi mmoja katika kituo kimoja: namba yake, kituo, mtahini, alama, alama yake ya karatasi za maandishi, jinsia, na aina ya shule ya sekondari (ya kitaifa, ya kaunti au ya kaunti ndogo, ya bweni au ya kutwa). Usiandike kabila. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu asili ya kikabila na hali ya afya kuwa data nyeti, na isitoshe aina ya shule itakueleza mengi zaidi. Mtu aliyetoka shule isiyo na maabara anafika kwenu akiwa hajawahi kushika bomba la sindano wala silinda ya kupimia, na hilo halina kabila. Majina yakae kwenye faili nyingine iliyofungwa.

Sasa linganisha kituo kwa kituo. Chukua tofauti ya wastani kati ya makundi mawili, uigawe kwa mtawanyiko wa alama za kituo hicho (Excel inautoa kwa STDEV). Jibu likizidi 0.3, kituo hicho kinastahili kuchunguzwa. Kundi likiwa na watu chini ya 10 usitoe hukumu, tazama tu kama jambo linajirudia mwaka hadi mwaka.

Mahali pengo lilipo ndipo panapokuonyesha chanzo. Likiwa kwenye vituo vya mazungumzo, angalia lugha na karatasi ya alama. Likiwa kwenye vituo vya mikono, chanzo ni mazoezi. Likimfuata mtahini mmoja kila anapokaa, chanzo ni mtahini huyo. Na likiwa kila mahali kwa wanafunzi walewale, ulizia mambo yaliyo nje ya darasa: karo, nauli, chakula, mahali pa kulala.

Wodini ndiko pengo linakoanzia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vyuo vingi hutengeneza mtihani na kuiacha wodi ilivyo, kisha mwaka unaofuata matokeo yanakuwa yaleyale.

Tazama wodi yoyote inayofundisha saa mbili asubuhi. Wanafunzi kumi na wanne wamezunguka kitanda kimoja. Muuguzi anauliza, "Nani ataweka kanula?", yaani ule mrija mdogo wa kwenye mshipa. Sauti mbili zinajibu kabla hajamaliza, na ni sauti zilezile za jana. Wanaobaki wanashika trei, wanashika tochi, wanachungulia juu ya mabega. Msichana aliyelelewa akijua kwamba mdogo hasemi mpaka aulizwe, ananyamaza kwa adabu. Baada ya wiki sita mmoja ameweka kanula thelathini, mwingine ameona thelathini. Kisha wote wawili wanaingia kituo namba 4 na tunashangaa mikono ya mmoja inatetemeka.

Dawa yake haigharimu shilingi. Gawanya logibuku (daftari la mwanafunzi la kazi za wodini) katika safu tatu: aliona, alisaidia, alifanya. Hesabu safu ya "alifanya" peke yake, na uihesabu wiki ya nne, sio siku ya mwisho. Mwenye chini ya nusu ya wastani wa kundi anapewa kipaumbele kuanzia siku hiyo. Pamoja na hilo, bandika kwenye meza ya wauguzi ratiba ya zamu za mikono: leo wa kwanza ni fulani, wa pili ni fulani. Kazi isipotokea leo, jina linabaki la kwanza kesho. Zungumza na muuguzi msimamizi wa wodi kabla hujaibandika, umweleze sababu. Asipoikubali yeye, karatasi itakaa ukutani bila kazi. Na kundi la kitanda kimoja lisizidi watu watano au sita.

Angalia pia sahihi zenyewe. Ukikuta sahihi kumi na tano za tarehe moja, kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, hayo si mazoezi. Mara nyingi mwanafunzi huyo hakuwa mvivu. Alinyimwa nafasi wiki nzima, kisha akaogopa kurudisha kitabu kitupu.

Nauli inakata nafasi hizo kimyakimya. Anayetoka Rongai au Githurai na kupata matatu ya pili badala ya ya kwanza anaikosa ripoti ya asubuhi, na katika wodi nyingi kanula, katheta na kubadilisha bandeji vimekwisha kufikia saa nne. Unapopanga wanafunzi hospitalini, tazama wanakoishi. Tazama pia wingi wa kazi: anayepelekwa hospitali ya uzazi ya Pumwani wiki nzima ataona uzazi mwingi kuliko aliye kwenye kituo kidogo cha afya, kwa hiyo wazunguke wote, asiwe mmoja anapata Pumwani mara mbili na mwenzake hata mara moja.

Wavulana nao wana lao katika wodi ya kujifungulia. Mama akisema hataki mwanamume, ana haki yake na iheshimiwe. Lakini mara nyingi kukataa kunatokana na jinsi alivyoulizwa. Mwanafunzi asiachwe asimame mguuni pa kitanda akijiombea ruhusa. Mkunga mwenyewe aseme, "Mama, huyu ni mwanafunzi wetu, mimi nitakuwa hapa muda wote, unakubali akuhudumie pamoja nami?" Akikataa, andikeni, na mwanafunzi apewe zamu inayofuata. Mgonjwa akimkataa mwanafunzi kwa sababu ya kabila au kwa sababu ya hijabu, jambo ni tofauti. Msimamizi ndiye anayejibu, kwa upole, kwamba hawa ndio wahudumu wa wodi leo. Mwanafunzi asilazimishwe kujitetea mwenyewe, na baadaye siku hiyohiyo mtu amwite amuulize anaendeleaje.

Kwa maabara ya ujuzi, fungueni saa saba hadi saa nane mchana na jioni moja katika wiki. Jumamosi peke yake inawafungia nje Waadventista, na jioni peke yake inawafungia nje wanaosafiri mbali. Kama mikono bandia ya kufanyia mazoezi ni michache, kata mrija wa dripu iliyotumiwa kwa mazoezi, ujaze maji yenye rangi nyekundu, funga ncha zote mbili, uulaze ndani ya mfereji uliochongwa kwenye sponji na uufunike kwa kipande cha glavu. Kanula ikiingia vizuri, damu bandia inarudi kwenye chemba kama ilivyo kwa mgonjwa. Trei kumi za namna hiyo, zenye daftari la kuazima, zinatosha darasa zima. Sindano zisitoke nje ya maabara. Zitumiwe hapo na ziingie kwenye kisanduku cha sindano.

Kituo cha mama na mtoto anayeendesha

Tuchukue kituo kimoja tukipasue. Mwigizaji ni mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Anasema, "Daktari, mtoi anaendesha tangu juzi." Mwanafunzi aliyejifunzia Kiswahili darasani kule Mandera au Lodwar anajua kuhara, hajui kwamba kuendesha ni hilohilo. Anasita, kisha anauliza, "Anaendesha nini?" Mtahini anatabasamu na kuandika sifuri kwenye mawasiliano.

Lile swali letu linasemaje? Mgonjwa wa Nairobi anazungumza hivyo kweli, na muuguzi asiyeelewa "anaendesha" atamkosea mtoto. Basi neno libaki. Ila halijafundishwa popote. Mmoja alizaliwa nalo, mwingine analikuta siku ya mtihani. Tengenezeni orodha ya maneno ya wagonjwa, sitini hivi yanatosha, na mwipitie katika wiki mbili za kwanza za mwaka. Baadhi yake ni hatari kuliko yanavyoonekana. Mzazi wa Nairobi akisema mtoto ana homa, mara nyingi anamaanisha mafua, wakati kitabuni homa ni joto la mwili kupanda. Ukiliandika ulivyolisikia, unaanza kutafuta malaria kwa mtoto mwenye makamasi. Ukilipuuza, unaweza kuacha joto halisi bila kupima. Kichomi nacho kwa mmoja ni maumivu ya kifua, kwa mwingine ni nimonia iliyothibitishwa hospitalini.

Kisha wekeni alama moja kwenye karatasi: "Alipokutana na neno asilolielewa, aliuliza maana yake." Aliyeuliza "anaendesha nini?" alifanya jambo salama kuliko aliyetikisa kichwa na kukisia. Na ili haki iwe ya pande zote, wekeni kituo kingine ambapo mgonjwa hajui Kiswahili vizuri na mwanafunzi lazima atumie mkalimani. Hapo ndipo mzaliwa wa Buruburu, mtaa wa Nairobi, naye anagundua kuwa hajui kuuliza swali fupi na kusubiri.

Sasa karatasi ya alama yenyewe. Nyingi zina mistari kama "Alizungumza kwa kujiamini" na "Alimtazama mgonjwa machoni". Wa kwanza unapima ukubwa wa sauti. Wa pili unamwadhibu kijana aliyefundishwa kwamba kumkazia macho mtu mzima ni utovu wa adabu. Futeni yote miwili, muweke matendo yanayoonekana: alijitambulisha kwa jina na kazi, alimgeukia mama na kumsikiliza bila kumkatiza, aliuliza siku ngapi, kama kuna damu, kama anatapika, kama anakunywa na kukojoa, alieleza maji ya ORS (ya chumvi na sukari), yaani mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo laini kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, na 100 hadi 200 kwa mwenye miaka 2 na zaidi, alieleza zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi 6 na 20 kwa aliyezidi hapo, alimwomba mama arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Karatasi kama hiyo ni ngumu kuliko ile ya zamani. Mwenye maneno mengi na dozi isiyo sahihi haipiti tena.

Maelekezo ya mlangoni nayo yaangaliwe. "Mhudumie mgonjwa huyu ipasavyo" ni kitendawili. Andika kazi inayotakiwa, kwa sentensi fupi: "Mhoji mama kuhusu ugonjwa wa mtoto. Kisha mweleze matibabu ya nyumbani. Usimpime mtoto." Herufi ziwe za ukubwa wa 14 kwa wote na nakala ya 18 iwe tayari, kwa sababu mwanafunzi mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na atapoteza dakika nzima akisogeza karatasi puani. Mpeni pia kituo kisichopigwa na jua la dirishani moja kwa moja.

Watahini na alama ya kupita

Ondoeni majina kwenye karatasi na vifuani. Kenya jina linasema mengi kabla mwenye jina hajafungua mdomo. Sura hamwezi kuificha, ila namba badala ya jina inapunguza jambo moja.

Saa moja kabla ya mtihani, watahini wote wakae pamoja. Andaeni mapema video mbili za dakika tano: waigizaji wawili, matendo yaleyale hatua kwa hatua, lafudhi tofauti. Kila mtahini aweke alama peke yake, kisha mzilinganishe. Wakipishana zaidi ya alama 2 kati ya 20, wajadiliane mstari kwa mstari mpaka waelewane kilichoonekana. Bila video, mwalimu mmoja aigize. Msiruke zoezi hili hata watu wakisema wana haraka. Ndilo linalofanya maneno "alama zilezile kwa kazi ileile" yawe ya kweli.

Kuhusu alama ya kupita, kama mnatumia nusu kwa kila kituo, mnawaonea watu kwenye vituo vigumu na kuwabeba kwenye vilivyo rahisi. Njia bora ni hii. Mbali na karatasi ya alama, mtahini atoe hukumu ya jumla: 1 ameshindwa, 2 yuko mpakani, 3 amepita, 4 amepita vizuri. Halafu Excel itafute mstari unaounganisha alama na hukumu kwa SLOPE na INTERCEPT. Tuseme mteremko (SLOPE) ni 4 na mwanzo (INTERCEPT) ni 3 kwenye kituo cha alama 20. Aliye mpakani ni 2, kwa hiyo alama ya kupita kituo hicho ni 4 mara 2, ongeza 3, sawa na 11. Wanafunzi wakiwa chini ya 50 mstari huyumba, kwa hiyo unganisha miaka miwili ya kituo kilekile. Njia hii inawajibu pia wenzako wanaohofia kiwango, kwa sababu kiwango kinatoka kwa hukumu ya watahini wenyewe juu ya kazi waliyoiona.

Mwanafunzi mwenye usikivu hafifu

Mwite yeye mwenyewe, faraghani, wiki hii. Usianze na kamati. Muulize anasikia nini na hasikii nini: sauti za juu au za chini, chumba chenye kelele, mtu mwenye barakoa. Muulize kama anatumia Lugha ya Ishara ya Kenya. Wengi wanaotumia vifaa vya masikio hawaijui, na ukimletea mkalimani bila kumuuliza utakuwa umemwongezea kizuizi.

Ajue pia, na wenzako wajue, kwamba anachoomba si hisani. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, ujauzito, mavazi, dini, lugha na asili ya mtu miongoni mwa mengine, na ibara ya 54 inampa haki ya elimu na vifaa vya kumwezesha.

Sasa pitia vituo kimoja kimoja. Presha: mashine ya kielektroniki inakubalika wodini, na namba ya juu inaweza kukadiriwa kwa kupapasa mpigo wa mkono huku hewa ikitolewa. Ikiwa lazima aonyeshe kusikiliza, kuna stethoskopu za kukuza sauti, nyingine zinaunganishwa na kifaa cha sikio, nyingine zinahitaji vipokea sauti vikubwa vya kufunika sikio lote. Hazifanani, kwa hiyo aijaribu ile mnayokusudia angalau mwezi mmoja kabla. Stethoskopu inayofika asubuhi ya mtihani ni kama haikufika. Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni: kazi ni kujua kama yako kati ya 110 na 160 kwa dakika. Dopla ya mkononi yenye kioo cha namba inamwezesha kufanya hivyo. Fetoskopu ya pembe bado afundishwe mahali pa kuiweka na sababu yake, lakini kumwangusha kwa sababu sikio lake halinasi mpigo ni kupima sikio.

Muda wa ziada nao upitie swali lilelile. Kwenye kituo cha mazungumzo, ambapo anasoma midomo na kuhakikisha alichosikia, robo ya muda ni ya haki: dakika 8 ziwe 10. Kwenye kituo cha kufufua mtu aliyezimia hakuna dakika ya ziada kwa yeyote, kwa sababu kasi ndiyo kazi. Mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, 30 kwa pumzi 2, kwake na kwa wote. Kinachobadilika hapo ni wenzake kwenye timu: wasimame anapowaona, na kila agizo lirudiwe kwa sauti na kwa ishara ya mkono.

Dakika hizo mbili ndizo zinazovuruga mzunguko, kwa kuwa vituo vyote hubadilishana kwa kengele moja. Mna njia tatu. Mnaweza kumweka kwenye mzunguko wa mwisho wenye watu wachache. Mnaweza kuweka kituo cha mapumziko baada ya kila kituo kirefu. Au mnaweza kuvifanya vituo vyote vya mazungumzo viwe vya dakika 10 kwa kila mtu. Mimi ningechagua ya tatu. Inawasaidia pia wanaofikiri kwa lugha ya tatu, haimwonyeshi mtu kidole, na mtihani mzima hauongezeki hata nusu saa.

Yaliyobaki ni madogo kwa gharama. Taa iwake sambamba na kengele, na saa kubwa iwe ukutani. Mwigizaji asitafune wala asifunike mdomo, na mwanga umpige usoni, usitoke nyuma yake. Barakoa iwe ya kuonyesha mdomo. Akitumia mkalimani wa ishara, wawe wawili wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30, wasaini kutunza siri, na anayefanya kazi akae kando ya mgonjwa ili mwanafunzi awaone wote kwa mtazamo mmoja. Marekebisho yote yaandikwe kwenye ukurasa mmoja na kusainiwa na pande mbili. Mtahini aelezwe la kufanya tu. Historia ya masikio ya mwanafunzi haimhusu.

Mengine, kwa ufupi

Vitabu vyenu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, kwa hiyo mwanafunzi anakariri "mtoto awe wa waridi" kisha anakutana na mtoto wa Kibera. Mfundisheni kutazama ulimi na sehemu ya ndani ya midomo kutafuta ukosefu wa oksijeni, weupe wa macho na kaakaa kwenye mwanga wa mchana kutafuta manjano, na kiganja kutafuta upungufu wa damu, akikilinganisha na kiganja chake mwenyewe. Wekundu wa uvimbe kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliokolea au zambarau. Aguse, asikie joto. Na kipima oksijeni cha kidoleni kisiaminiwe kupita kiasi. Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba kifaa kiliposoma kati ya asilimia 92 na 96, oksijeni halisi ya damu ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6 kwa weupe. Mtoto anayevuta pumzi kwa shida huku kifaa kikisema 93 asirudishwe nyumbani kwa sababu ya namba hiyo.

Tarehe ya mtihani ipitiwe na kalenda ya Ramadhani, sala ya Ijumaa na Sabato kabla haijatangazwa. Mwenye hijabu apewe mikono ya nguo ya plastiki ya kutumiwa mara moja, ili mikono iwe wazi chini ya kiwiko wakati wa kunawa na ifunikwe baadaye. Mjamzito aondolewe chumba cha eksirei na dawa za saratani, na mafunzo hayo yapangiwe muda mwingine bila kurudia mwaka. Anayenyonyesha apewe nafasi kati ya mizunguko.

Kwa miezi mitatu uliyo nayo: mwezi wa kwanza ni wa jedwali la alama, kuhesabu logibuku na kuzungumza na mwanafunzi, wa pili ni wa kuandika upya karatasi za alama, orodha ya maneno na kujaribu vifaa, wa tatu ni wa watahini. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, endesheni mzunguko mzima bila wanafunzi, mtu mmoja akiwa amezibwa masikio, mwone kama anahama kituo kwa wakati kwa kuitazama taa peke yake. Na matokeo yakitoka, jazeni jedwali lilelile kabla bodi ya mtihani haijakaa, ili kituo kilichokwenda kombo kijadiliwe kabla alama hazijabandikwa ukutani.